Nukta moja, nyota tatu: jinsi ya kuipata Rijili Kantori na kuijua kwa majina na vipimo

Tafuta mtandaoni umbali wa nyota iliyo jirani na Jua letu, utarudi na namba nne za miaka ya nuru (mmoja ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka): 4.24, 4.25, 4.34 na 4.37. Uliza ni ya ngapi kwa mng'ao usiku, mmoja atakwambia ya tatu, mwingine ya nne. Uliza jina, utapewa Alfa Centauri, Rijili Kantori, Toliman, Proxima. Utadhani wataalamu wanagombana. Hawagombani. Nukta ile unayoiona ukisimama uani ni nyota tatu zinazoshikana kwa mvutano wao, na kila namba ina mwenyewe. Anayechanganyikiwa ni yule anayeuliza "kiasi gani?" kabla ya kuuliza "ipi?"

Mwongozo huu unaanzia kwa macho matupu, unapita kwenye darubini ndogo, unaishia kwenye kikokotoo cha simu. Ukiwa huna darubini usiuache: hatua moja tu ndiyo itakayokupita.

Kwanza: jua msimu na saa

Msimu wake ni msimu wa kusi. Mwezi Aprili, jua linapozama, nayo inachomoza upande wa kusini-mashariki. Septemba ikiisha inakuwa chini kusini-magharibi, na Novemba inapotea kabisa kwenye mwanga wa Jua. Kinadharia Mei ni mwezi mzuri, lakini sisi wa pwani tunajua mawingu ya masika hayajali nadharia. Mimi nangoja Juni hadi Agosti.

Nyota hufika juu kabisa inapovuka kusini halisi. Kwa Dar es Salaam, Tanga na Mombasa, katikati ya Mei hiyo ni saa tano na nusu usiku, katikati ya Juni saa tatu na nusu, katikati ya Julai saa moja na nusu. Kila siku inatangulia dakika nne, ndiyo maana kila mwezi unapunguza saa mbili. Aliye magharibi zaidi kwa saa hiyohiyo ya ukutani, kama Kampala, aongeze karibu nusu saa.

Juu kiasi gani? Nyota hii iko nyuzi 61 hivi kusini ya ikweta ya anga. Chukua 61, toa latitudo yako kama uko kusini ya ikweta, au ijumlishe kama uko kaskazini. Jibu litoe kwenye 90. Dar es Salaam iko nyuzi 7 kusini: 61 kutoa 7 ni 54, na 90 kutoa 54 ni 36. Nairobi utapata 30 na ushei, Kampala 29, Lubumbashi 41. Ndugu walioko Muscat wanabaki na nyuzi 5 tu, wanahitaji upeo wa bahari usio na vumbi. Walioko London hawaioni kamwe, haichomozi huko.

Nyuzi utazipima kwa mkono. Nyoosha mkono mbele, kunja ngumi, funga jicho moja: upana wa ngumi ni nyuzi 10 hivi. Kwa Dar, basi, ni ngumi tatu na nusu kutoka upeo wa macho. Dole gumba ni nyuzi 2 hivi. Kumbuka hilo la dole gumba, tutalirudia.

Pili: ifuate kutoka kwenye Msalaba

Geukia kusini. Utaona Msalaba wa Kusini, nyota nne angavu zilizobanana, urefu wake hata ngumi moja haujai. Kushoto kwake, yaani mashariki, kuna nyota mbili zenye kung'aa sana zilizokaa kama vidole viwili vinavyounyooshea Msalaba. Kati yao ni nyuzi nne na kitu. Iliyo karibu na Msalaba ni Hadari. Iliyo mbali zaidi ndiyo yetu.

Kuna mtego: upande wa magharibi zaidi uko msalaba wa uongo, mkubwa kuliko ule wa kweli na hafifu. Dawa yake ni rahisi. Msalaba wa uongo hauna nyota mbili za kuuelekezea. Ukizikosa hizo mbili, umepotea njia.

Mimi mwenyewe mwaka wa kwanza nilipotelea hapohapo kwenye zile mbili. Usiku tatu mfululizo nililenga darubini kwenye Hadari nikingoja igawanyike mara mbili, haikugawanyika, nikamlaumu aliyeniuzia darubini. Sikosi la kusema kwa kujitetea: Hadari nayo ni nyota tatu, ila zimebanana mno kwa kioo kidogo. Na hazina udugu na Rijili Kantori. Hadari iko karibu miaka ya nuru 390 kutoka hapa, yetu iko miaka ya nuru minne na ushei. Zinaonekana jirani kama taa ya kibatari uani na taa ya meli iliyo nje ya bandari zinavyoweza kuangukia mstari mmoja. Rangi pia inasaidia: Hadari ni nyeupe ya kibuluu, Rijili Kantori inavuta kwenye umanjano.

Waarabu wa kale nao walihangaika na nyota mbili za eneo hili. Waliziita Hadari na Wazn, na kwa pamoja wakaziita "wenye kuapisha", kwa sababu mtu alikuwa akiiona moja imechomoza anaapa kuwa ni Suheli (Canopus), ile nyota angavu ya kusini, na mwenzake anaapa siyo. Kwa hiyo ukikosea usijione mjinga.

Mabaharia wa Bahari ya Hindi hawakukosea, maana riziki ilikuwa humo. Kwenye dira yao ya nyota, ile aliyoitumia Ahmad ibn Majid katika karne ya 15, pande 32 za upeo zilipewa majina ya nyota zinapochomoza na zinapozama. Kati ya upande wa Akrabu na upande wa Suheli kulikuwa na Himarani, punda wawili: ndiyo hizi mbili zetu. Ukisimama Tanga usiku wa Aprili ukaipima kwa dira ya simu inapochomoza, utasoma nyuzi 151 hivi. Upande wa Himarani kwenye dira ile ni nyuzi 146. Dira ile iligawa duara sawasawa na haikudai kuwa sahihi kwa kila latitudo, lakini kwa jahazi linalopanda na kushuka kwenye mawimbi, nyuzi tano si kitu.

Tatu: yagawe majina kabla ya kusoma namba yoyote

Hapa ndipo watu wengi wanaporuka, na ndipo makosa yote yanapoanzia. Chukua karatasi, andika safu nne.

Safu ya kwanza ni ya *nukta*, ile inayoonekana kwa macho. Jina lake la kitabu ni Alfa Centauri. Herufi hiyo ya Kigiriki iliwekwa na Mjerumani Johann Bayer mwaka 1603, alipozipa herufi nyota za kila kundinyota, kwa kawaida akianza na iliyong'aa zaidi. Kantarusi ni kundinyota la kiumbe nusu mtu nusu farasi, na Bayer hakujua kuwa nukta hiyo ni zaidi ya nyota moja. Aliyegundua ni padre Mjesuiti Mfaransa, Jean Richaud, akiwa Pondicherry, India, Desemba 1689. Alikuwa anafuatilia nyotamkia, ikapita karibu na nukta yetu, akaona kwenye darubini kuwa ni mbili.

Safu ya pili ni ya nyota kubwa ya zile mbili, Alfa Centauri A. Mwaka 2016 Umoja wa Kimataifa wa Astronomia uliamua kuwa jina rasmi Rigil Kentaurus ni la nyota hii *peke yake*. Ndilo tunalolitamka Rijili Kantori. Linatoka kwenye Kiarabu, rijl, mguu: mguu wa yule Kantarusi.

Safu ya tatu ni ya mwenzake, Alfa Centauri B, aliyepewa rasmi jina la Toliman mwaka 2018. Neno hili nalo ni la Kiarabu lililopitia midomo ya Kilatini, asili yake ni adh-dhulman, mbuni. Wale ndege wakubwa, si kahawa. Zamani Toliman lilikuwa jina jingine la nukta nzima, kwa hiyo kitabu cha miaka ya nyuma kikisema Toliman kinaweza kumaanisha zote. Angalia mwaka wa kitabu kabla ya kukinukuu.

Safu ya nne ni ya Proxima Centauri, yaani Alfa Centauri C. Aliiona Robert Innes wa kituo cha Union Observatory, Johannesburg, mwaka 1915, kwa kulinganisha picha za vioo zilizopigwa miaka tofauti na kutafuta nukta iliyohama. Mwaka 1917 akapendekeza iitwe Proxima, neno la Kilatini la "iliyo karibu zaidi". Hii haimo ndani ya nukta unayoiona. Iko pembeni kwa nyuzi 2.2: weka dole gumba lililonyooshwa kando ya Rijili Kantori upande wa kusini-magharibi, Proxima iko huko kwenye ukingo wa pili wa dole. Kwa macho huoni kitu. Mng'ao wake ni kama wa 11, na macho mazuri kwenye giza zuri yanaishia kama 6; kwenye kipimo hiki namba kubwa ni nyota hafifu.

Sasa sheria mbili ndogo za uandishi zilizowaangusha hata waandishi wa habari. Herufi kubwa ni nyota, herufi ndogo ni sayari. Alfa Centauri B ni jua kamili. Proxima b ni sayari yenye uzito unaokaribia wa Dunia. Na sayari zinaanzia b, kwa sababu herufi a imeachiwa nyota yenyewe.

Ukikuta namba za orodha za nyota, HD au HIP, usitishike. HD 128620 ni A, HD 128621 ni B. HIP 71683 ni A, na kwa kichekesho cha waliopanga orodha, HIP 71681 ni B. HIP 70890 ni Proxima.

Kwa safu hizo, lile swali la ya tatu au ya nne linajibika lenyewe. Kwenye kipimo cha mng'ao, namba ikiwa ndogo nyota inang'aa zaidi. Nukta nzima ina -0.27, na kwa hesabu hiyo inazidiwa na Sirius na Suheli tu: ya tatu. Ukiitoa Rijili Kantori peke yake ina -0.01, na Arcturus yenye -0.05 inaipita kwa unywele: ya nne. Toliman peke yake ni 1.33, bado ingekuwa nyota ya heshima kama isingekaa kivulini mwa mwenzake.

Nne: itenganishe

Macho hayawezi, hata yawe ya mwewe. Jicho la mtu hutenganisha vitu vilivyoachana kwa dakika moja ya nyuzi (sehemu moja ya sitini ya nyuzi moja), yaani sekunde 60. Hizi mbili kwa miaka hii zimeachana kwa sekunde 9 hadi 10 tu, sawa na upana wa sarafu ya sentimita 2.5 ukiitazama kutoka mita 550 hivi. Darubini ya macho mawili nayo inashindwa, kwa mtikisiko wa mkono na kwa ukali wa mwanga. Kinachotosha ni darubini ya kawaida yenye kioo cha milimita 60 na ukuzaji wa mara 70. Ukuzaji unaupata kwa kugawa urefu wa fokasi ya darubini kwa ule wa lenzi ya jicho: 700 kwa 10.

Ya kwangu ni ya mitumba, miguu yake inayumba, nimeifungia ndoo ya mchanga katikati. Itoe nje nusu saa kabla ili vioo vipoe. Usitazame juu ya paa la bati lililokuwa juani mchana kutwa, hewa ya moto inapanda na nyota inacheza kama sarafu chini ya maji. Ngoja ifike juu kabisa. Anza na ukuzaji mdogo, iweke katikati, ndipo ubadilishe lenzi.

Mwaka jana alikuja mpwa wangu, yuko darasa la nne. Akapanda juu ya tofali, akafumba jicho lisilohusika, akanyamaza.

"Mjomba, umefanya nini? Zimekuwa mbili."

"Sijafanya kitu. Zilikuwa mbili tangu hapo."

"Moja imechujuka."

Alikuwa sahihi kuliko vitabu vingi. Toliman inatoa mwanga unaoonekana kama theluthi tu ya mwenzake, na ni ya chungwa kidogo, kama taa ya kibatari kando ya balbu. Nilimwambia mwanga alioupokea jichoni ulianza safari miaka minne na miezi minne kabla ya usiku ule. Akahesabu kwa vidole, akasema, "Nilikuwa chekechea, mwaka wa mwisho."

Nafasi kati yao haikai vilevile. Mwaka 2016 ziliachana kwa sekunde 4 tu, zilikuwa ngumu kwa darubini kama yangu. Zinaendelea kuachana hadi mwisho wa muongo huu, zitapita kidogo sekunde 10, kisha zitarudi kubanana, na kufikia 2037 au 2038 zitakuwa chini ya sekunde 2. Mwenye darubini ndogo asingoje.

Tano: zipime mwenyewe

Fungua kikokotoo.

*Umbali.* Nyoosha kidole, fumba jicho la kulia, kisha la kushoto: kidole kinaruka mbele ya ukuta. Dunia inapohama kutoka upande mmoja wa Jua hadi mwingine, nyota ya karibu nayo inaruka mbele ya zile za mbali. Huko ndiko kuitwako paralaksi. Mwaka 1832 na 1833 Mskoti Thomas Henderson alipima Rijili Kantori kutoka kituo cha Rasi ya Tumaini Jema. Namba zake zilimtia wasiwasi, akazikalia. Alipozichapisha mwaka 1839, Mjerumani Friedrich Bessel alikuwa ameshatangaza umbali wa nyota nyingine mwishoni mwa 1838, na sifa ya kuwa wa kwanza ikaenda kwake. Mimi naona Henderson alipata hasara ya uangalifu, na ni hasara ya kiungwana.

Vipimo vya sasa vinaipa A na B paralaksi ya sekunde 0.7505. Gawa 1 kwa hiyo, zidisha kwa 3.26: miaka ya nuru 4.34. Kipimo cha zamani kidogo kilikuwa 0.747, fanya vilevile, 4.36 au 4.37 kutegemea unavyokata desimali. Ya Proxima ni 0.768, inakupa 4.24 au 4.25. Ndizo namba nne tulizoanza nazo, na hakuna hata moja iliyo ya kubuni: mbili ni za Proxima, mbili ni za A na B, za vizazi viwili vya vipimo.

*Uzito.* Hapa ndipo nyota pacha zinapolipa. Nyota ya peke yake haikwambii uzito wake; mbili zinazozungukana zinajipima zenyewe kama mizani. A na B zinamaliza mzunguko mmoja kwa miaka 79.8, na umbali wao wa wastani ni mara 23.3 ya umbali kati ya Dunia na Jua. Kanuni ya Kepler inasema: zidisha umbali kwa wenyewe mara tatu, gawa kwa miaka iliyozidishwa kwa yenyewe. 23.3 × 23.3 × 23.3 ni 12,649. 79.76 × 79.76 ni 6,362. Gawanya: 1.99. Basi, nyota zote mbili kwa pamoja zina uzito wa Majua mawili kasoro kidogo. Ukitazama kila moja inavyoyumba kuzunguka kitovu chao, unapata mgawo: Rijili Kantori 1.08, Toliman 0.91.

Sijachoka kustaajabia hesabu hiyo. Mistari miwili ya kikokotoo cha simu, na umeweka jua la mtu mwingine kwenye mizani.

*Yaliyobaki* nitayapita haraka. Rijili Kantori ina kipenyo mara 1.22 ya Jua, inatoa nishati mara 1.5, joto la uso kelvini 5,800, karibu sawa na Jua letu, ndiyo maana ni ya manjano. Toliman ni 0.86 kwa kipenyo, nusu ya Jua kwa nishati, kelvini 5,200. Proxima ni kibete chekundu: uzito 0.12, kipenyo 0.15, kelvini 3,000 hivi, nishati isiyofika sehemu moja ya mia tano ya Jua. Kwa kipenyo haijafika hata mara mbili ya Mshtarii, lakini imeshindiliwa uzito wa zaidi ya Mshtarii mia.

Sita: itandaze chini

Namba zikikaa kwenye karatasi zinakufa. Nenda sokoni na rula. Nunua chungwa la sentimita 8, hilo ni Jua. Balungi dogo la karibu sentimita 10 ni Rijili Kantori. Chenza la sentimita 7 ni Toliman. Proxima ni punje nene ya mahindi, sentimita 1.2. Dunia ni chembe isiyofika milimita moja, iliyo hatua kumi na moja hivi kutoka kwenye chungwa.

Balungi na chenza sasa vipeleke uwanja wa mpira. Njia yao si duara, ni yai lililorefuka. Zinapokaribiana kabisa umbali ni mara 11.2 ya ule wa Dunia na Jua: kwa kipimo chetu mita 96, karibu goli hadi goli. Zinapoachana kabisa ni mara 35.6, mita 306, yaani viwanja vitatu. Zilikaribiana hivyo mwaka 1955, zitakaribiana tena 2035.

Na ile punje ya mahindi? Usiitafute uwanjani. Proxima iko mbali na wenzake kwa takriban mara 13,000 ya umbali wa Dunia na Jua. Kama uwanja uko Dar es Salaam, punje iko kilomita 112 kutoka hapo, maeneo ya Chalinze. Ndiyo maana kwa muda mrefu watu waliuliza kama kweli ni ya familia au mpita njia tu. Vipimo vya kasi vilivyochapishwa 2017 vilimaliza ubishi: imefungwa kwa mvutano wa wale wawili, na mzunguko wake mmoja unachukua karibu miaka 550,000.

Chungwa letu, yaani Jua, liko wapi kutoka kwenye balungi? Kilomita 2,360 hivi. Ukiruka na ndege kutoka Dar utakuwa unakaribia Johannesburg, mji uleule Innes alikokuwa akilinganisha picha zake.

Saba: kuhusu sayari, soma kwa hadhari

Proxima b ilitangazwa Agosti 2016: uzito usiopungua mara 1.07 ya Dunia, inaizunguka nyota yake kwa siku 11.2 tu. Ndugu yake mdogo, Proxima d, alifuata mwaka 2022, mzunguko wa siku 5. Proxima b iko umbali ambao maji yangeweza kuwa majimaji, lakini Proxima ni nyota ya hasira, hulipuka miale mikali mara kwa mara, na sayari yenyewe iko karibu nayo mno. Ukisoma "Dunia ya pili" mahali, punguza sauti.

Kwa Toliman, sayari iliyotangazwa 2012 ilifutwa 2015, ilipoonekana ni kivuli cha hesabu. Kwa Rijili Kantori, Agosti 2025 watafiti waliotumia darubini ya anga ya James Webb walitangaza dalili za sayari kubwa ya gesi. Walipotazama tena haikuonekana, na huenda ilikuwa imesogea karibu mno na nyota yake. Iandike kwa penseli.

Ukitaka kuitafuta Proxima yenyewe, uwe na darubini ya milimita 150, anga lenye giza, na ramani ya *mwaka huu*. Nyota hii inahama angani kwa sekunde 3.85 kila mwaka, kwa hiyo ramani ya mwaka 2000 imeshapotoka kwa zaidi ya dakika moja na nusu. Programu ya bure ya Stellarium inakuchorea mahali ilipo kwa tarehe yako. Chora nukta zilizo karibu nayo, rudi mwaka ujao, chora tena.

Daftari

Andika tarehe, saa, mahali, ukuzaji, na umbali wa nyota mbili kwa makisio: mara ngapi upana wa Toliman ungeingia katikati. Andika pia A au B mbele ya kila namba, hata kama unaona haina haja. Daftari la mpwa wangu lina ukurasa mmoja tu mpaka sasa: duara moja, nukta mbili ndani yake, na mshale kwenye ile ndogo ulioandikwa "mbuni".